Neno la Dokta wa Nzi

Anjelika Ndizeye alifika kwao Ntobeye Alhamisi mchana akiwa na uchovu ambao hauishi kwa kulala. Kwa miaka minne alikuwa ameinamia hadubini kwenye chuo kikuu cha mbali, akihesabu mayai ya nzi wa matunda, vile vijinzi vyenye macho mekundu vinavyozagaa juu ya ndizi mbivu na pombe. Yai lenyewe dogo kama chembe ya chumvi. Yaliyoanguliwa aliyatia vema, yasiyoanguliwa akayatia mkasi, na siku hizi mikasi ilikuwa mingi hata akawa anaiona akifumba macho. Msimamizi wake alikuwa amemrudishia sura ya tatu kwa mara ya tano. Aliomba likizo ya wiki mbili, akapewa kwa shingo upande.

Hakuwa ametaka mengi. Alitaka kulala, kisha kukaa jikoni na wifi yake Akimana, mke wa kaka yake Alfonce, wamenye ndizi na kuwasengenya watu wa parokia. Akimana alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Miaka yote ya masomo ndiye aliyekuwa akimtumia unga wa muhogo na maharage kwa mabasi, bila kuambiwa na mtu.

Jikoni alimkuta mama yake, Auleria, anapuliza moto mwenyewe, macho yamejaa moshi. Walisalimiana, wakaulizana habari za safari, za mvua na za kahawa. Kisha Anjelika akauliza wifi yuko wapi.

Mama alisema amekwenda kwao Nyabusozi, wiki ya sita sasa. Anjelika akauliza kama kuna msiba. Mama akasema hakuna msiba, aliondoka mwenyewe kwa heshima zake, bila kelele, hata sufuria aliyokuja nayo aliiacha.

"Na wewe ndiye uliyetufungua macho, mwanangu," mama alisema, akirudi kwenye moto wake. "Tungekaa gizani mpaka lini?"

Anjelika alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amekwisha kuelewa, na alitamani asingeelewa.

Ilikuwa simu ya Jumapili moja. Nyumbani walikuwa wanakamua ndizi za urwagwa, ile pombe ya ndizi isiyokosekana katika nyumba yoyote ya Kihangaza yenye mgomba, na majirani walikuwa wamejaa uani. Mama, kama kawaida yake, aliweka simu kwenye spika ili watu wamsikie Dokta. Tangu siku Anjelika alipoanza masomo ya uzamivu wote walimwita Dokta, na kila alipojaribu kueleza kuwa hatibu watu, walicheka wakasema basi ni dokta wa nzi, lakini dokta ni dokta. Siku hiyo jirani yao Claudia aliuliza hao nzi wanaumwa nini hasa. Katika miaka minne hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumwuliza swali hilo. Anjelika alifurahi, na furaha ya mtu mpweke haina breki.

Alieleza kila kitu, Kihangaza kikimwishia akaingia Kiswahili. Alisema nzi jike hamwachi mtoto wake aanze maisha mikono mitupu. Kabla ya kutaga hulijaza yai akiba: chakula, maagizo ya kazi, na protini maalumu ambazo kazi yake ni kunyamazisha RNA, zile nakala za maagizo ya urithi, zinazoleta fujo. Maana ndani ya kila kiumbe kuna vipande vya urithi ambavyo vikiachiwa huhamahama na kuvuruga vingine, na lazima awepo wa kuvituliza. Kwa saa mbili za kwanza kiinitete hakina sauti yake, kinaishi kwa akiba ya mama tu. Ikikosekana protini moja katika zile, mgawanyiko huenda mrama na yai halianguliwi. Alikuwa na nzi wa namna hiyo kwenye chupa zake, majike wenye afya, wanaokula na kutaga vizuri, ila watoto hawapatikani. Kisha akaongeza sentensi ambayo laiti angeimeza. Alisema hata umtafutie dume mzima namna gani, haisaidii, kwa sababu upungufu uko kwa mama.

 Mama akasema asante mwanangu, Mungu akubariki, na simu ikakatika. Anjelika alirudi kwenye hadubini yake akiwa amechangamka kuliko alivyokuwa mwezi mzima.

Hakujua kwamba Akimana alikuwa palepale uani, mikono imeloa maji ya ndizi mpaka viwikoni. Katika miaka mitano ya ndoa Akimana alikuwa amepoteza mimba tatu. Wanawake wa rika lake wote walikuwa wanaitwa Mama Fulani, yeye bado aliitwa kwa jina alilobatizwa nalo. Siku kumi baada ya simu ile alifunga kanga zake mbili na kitenge, akamwambia mama mkwe kwamba wifi amesema, na wifi hawezi kumsemea uongo. Akaenda zake.

Ulimi uliponza kichwa, watu husema, lakini ulimi wa Anjelika ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzake, na hilo ndilo lililomuuma. Aliyesema angekuwa mkwe mwenye chuki, Akimana angebishana. Aliondoka kwa sababu alimpenda aliyesema.

Jioni ile Anjelika alimweleza mama yake kwamba nzi si mtu. Mama alisikiliza kwa adabu kama anavyosikiliza mahubiri marefu, kisha akauliza, kwani nzi si kiumbe cha Mungu? Kama ni hivyo kwa nzi, kwa mtu si zaidi? Anjelika akaona hapa hatafika. Akamgeukia Alfonce, aliyekuwa anakula kichwa chini, na kumwuliza kwa nini hajamfuata mkewe.

Katika nchi ile mwanamke akirudi kwao kwa namna hiyo, watu wa mume humfuata na pombe. Wanaiweka katikati ya uwanja wa wakwe, wanasema neno lao na kusubiri. Wakwe wakiifungua na kunywa, mke anarudi. Isipofunguliwa, mnajitwisha dumu lenu mnaondoka. Alfonce alikuwa hajapeleka hata kibuyu. Alisema alikuwa na shughuli za kahawa. Kahawa ilikuwa imekwisha kuvunwa tangu mwezi wa nane.

Jumamosi walikwenda, kwa sababu Anjelika aligoma kula mpaka waende. Walikwenda watatu, yeye, Alfonce, na baba yao mdogo Felisiani, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo tangu baba yao alipofariki. Si desturi binti wa nyumba kwenda kwenye maneno ya namna hiyo, lakini Felisiani alikubali upesi. Alikuwa na mpango wake.

Aliutoa Nyakanazi, waliposhuka kubadili gari. Pale njia panda malori ya Burundi na Rwanda yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, na akina mama walikuwa wanapita na mahindi ya kuchoma. Dumu la njano la urwagwa lilikuwa miguuni pa Alfonce, linavujisha povu kwenye mfuniko.

"Utasema umepima upya," Felisiani alimwambia Anjelika. "Mashine ilikosea. Umepima tena, ukaona mwakani mtoto anapatikana. Maneno hayo tu, nasi tunarudi na mke wetu."

 Anjelika angependa kusema kwamba alikataa palepale, lakini hakukataa. Alikuwa amechoka, na uongo ule ulikuwa mfupi na mwepesi. Wangemwamini. Walikwisha kumwamini alipokosea, kwa nini wasimwamini akidanganya? Akimana angerudi jikoni kwake kesho kutwa. Na mwakani ikifika bila mtoto, hapo itakuwaje? Alijisemea atakuwa na mwaka mzima wa kulifikiria. Walipopanda gari la Biharamulo bado hakuwa ameamua, na pikipiki zilipowafikisha Nyabusozi bado.

Nyumba ya Mzee Manirakiza, baba yake Akimana, ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mahindi yameanikwa uani juu ya turubai. Familia yake ilitoka Burundi zamani za vita, ikalima pori lile mpaka likawa shamba, na mzee mwenyewe alikuwa na utaratibu wa mtu aliyewahi kupoteza kila kitu: hakuwa na haraka na neno lolote. Walimwamkia, akaitikia marahaba moja moja, kwa kila mtu yake. Akimana alileta maji ya kunawa. Alikuwa amekonda. Alipofika kwa wifi yake alishika birika kwa mikono miwili, akamwagia maji na kumpa pole ya safari, akapita. Zamani wangekumbatiana mpaka watu waseme basi.

Dumu likawekwa katikati. Felisiani alisimama akasema maneno yake, na alikuwa fundi kwelikweli. Alisema ng'ombe wa wenye mapenzi hulala hata kwa jirani, ila asubuhi hurudi zizini. Alisema nyumba ya Ntobeye imepoa, jiko limekosa mwenyewe. Alisema yaliyosemwa yalisemwa kwenye simu, na simu ni upepo.

Mzee Manirakiza alimshukuru. Kisha akasema wao si watu wa kusoma. Binti yao alipofika na kusema Dokta amesema, wao walinyamaza, kwa sababu mtu asiye na shule atambishia nani? Hawakuudai ukoo wa mume kitu, wala hawakumlaumu mtu. Lakini leo Dokta yupo.

"Mwanangu," akamwambia Anjelika, "sema wewe mwenyewe. Binti yangu ana upungufu?"

Felisiani alikohoa kidogo, kikohozi cha kumkumbusha. Anjelika akasimama. Alikuwa amewahi kusimama mbele ya maprofesa kumi na moja bila kutetemeka, na hapa alifunga upya kanga ambayo haikuwa imelegea. Alianza kwa kusema, "Baba, mimi si daktari wa watu," akaona uso wa mzee haubadiliki, kwa hiyo akarudi kwenye nzi wake. Alieleza tena akiba ya yai na protini za kunyamazisha, polepole, akitafuta neno moja moja. Alijiona anazunguka. Alikuwa anakaribia kabisa ule uongo wa mashine aliposikia sauti mlangoni mwa jiko.

"Wifi," alisema Akimana. "Huyo nzi mama. Hicho alichokosa, alikikosaje?"

Watu waligeuka. Mwanamke hakutarajiwa kusema kwenye kikao kile, lakini baba yake hakumzuia.

 Katika miaka minne ya semina hakuna aliyemwuliza Anjelika hivyo, kwa sababu kila mtu pale alijua jibu.

"Tuliitoa sisi," alisema.

"Nyinyi nani?"

"Sisi watafiti. Tuliiharibu jeni yake makusudi, tuone mayai yatakuwaje."

"Na yeye mwenyewe alizaliwa salama?"

"Salama. Mama yake alikuwa nayo, akamwekea kwenye yai."

"Kwa hiyo hakuwa na kosa."

"Hakuwa na kosa lolote, wifi."

Akimana alivuta kigoda, akakaa. Tangu wageni wafike hakuwa amekaa. Akasema, kwa sauti ya kuuliza bei sokoni, "Na mimi nimetolewa nini?"

"Sijui," alisema Anjelika. "Sijui, wifi. Hakuna anayejua. Hata kupimwa hujapimwa."

"Nimepimwa," Akimana alisema. "Mara mbili."

Akaeleza, bila kumtazama mtu. Baada ya mimba ya pili alikwenda hospitali peke yake, na baada ya ya tatu tena. Walimtoa damu, wakampiga picha ya tumbo, wakasema kwa upande wake hawajaona tatizo, na mara zote mbili nesi aliandika kwenye kadi: aje na mume. Kadi aliiweka juu ya meza, mahali ambapo mume wake huweka simu yake. Ilikaa pale mpaka pembe zikajikunja.

Anjelika alimtazama kaka yake. Alfonce alikuwa anatazama viatu vyake, viatu vizuri vya Jumapili, kama vile ndiyo kwanza anaviona. Felisiani akasema haraka kwamba hayo ni mambo ya ndani, mwanamume hapelekwi hospitali kama mtoto wa kliniki, na kikao kirudi kwenye njia yake.

Ndipo Anjelika alipokasirika, na hasira ikamsaidia kusimama sawasawa. Hakumkasirikia baba mdogo, wala Alfonce. Alijikasirikia mwenyewe, kwa kosa ambalo angemfelisha nalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Baba," alimwambia Mzee Manirakiza, "nisikilize, kisha ukinifukuza nitakwenda. Niliposema upungufu uko kwa mama, nilikuwa na haki ya kusema hivyo kwa nzi wangu. Unajua kwa nini? Kwa sababu baba nilimchagua mimi. Kila dume niliyemweka kwenye chupa nilikuwa nimempima kwanza, nikajua ni mzima. Ndiyo maana yai likifa naweza kusema ni mama. Kwa watu hawa wawili hakuna aliyempima baba. Nusu ya jambo hili haijatazamwa na mtu yeyote. Inawezekana wote ni wazima, mimba zikapotea tu, hutokea. Mimi nilisema kama mtu anayejua, na sikujua. Mwenye upungufu siku ile nilikuwa mimi."

 Kuku waliingia kwenye mahindi na hakuna aliyewafukuza. Felisiani alikuwa amefumba macho, kama mtu anayemwona mwanawe akimwaga pombe ya harusi.

Mzee Manirakiza alimtazama binti yake kwa muda, akamtazama mkwe wake. Kisha akasema kwamba dumu lile limetoka mbali na wenyewe wamekuja kwa heshima, lakini leo halitafunguliwa. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko matusi.

Akimana alinyanyuka, akaenda kusimama mbele ya mume wake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwita kwa jina.

"Alfonce. Nenda kapimwe, halafu uje. Ukija na majibu yoyote nitarudi, hata yakiwa mabaya kwako, nitarudi na sitamwambia mtu. Ila usije kabla ya hapo."

Alfonce alitikisa kichwa kuitikia. Akajitwisha dumu.

Felisiani hakusema na Anjelika njia nzima, isipokuwa mara moja, kumwambia kwamba katika maisha yake ameona wakwe wakikataa pombe, lakini hajaona ukoo ukienda na mtu wake wa kuusema vibaya.  Anjelika alikuwa ameyatarajia maneno hayo, na alijua kuna mengine yanamsubiri kwa mama yake. Nyakanazi baba mdogo alishuka akaenda kutafuta gari la Ngara, akawaacha wawili hao kwa mama ntilie, kwenye benchi linalotazama malori.

Waliletewa wali na maharage. Jua lilikuwa bado lipo, limelegea. Kila lori lililopita lilitikisa vikombe. Anjelika alikuwa anapima kama ana hamu ya kula au la, na hata hilo aliliona kazi. Alfonce alikula vijiko viwili, akaacha.

Alisema Jumatatu atakwenda hospitali. Anjelika akasema vizuri. Akamwuliza kama anataka amsindikize, akasema hapana, atakwenda mwenyewe. Wakakaa. Anjelika alianza kuona kwamba pengine safari haikuwa bure, na akaanza hata kumwonea huruma, kaka yake mkubwa huyo aliyezoea kumbeba mgongoni akivuka mto.

"Nilikuwa naijua ile kadi," Alfonce alisema, akitazama barabara. "Miaka miwili nimeijua. Kila siku naisogeza naweka simu yangu. Nilikuwa silali, Anjelika. Nawaza, labda ni mimi. Nikienda, wakiniambia ni mimi, nitarudi vipi nyumbani? Halafu ukapiga simu ile Jumapili."

Aligeuzageuza kijiko sahanini. 

"Usiku ule nililala. Akimana alikuwa analia pembeni yangu, nilikuwa namsikia. Nikamgeuzia mgongo, nikalala mpaka kumekucha. Sijawahi kulala vile tangu nioe."

Anjelika alisukuma sahani yake kando. Alitaka kumchukia, na alijitahidi, lakini hakuweza, kwa kuwa usingizi ule yeye ndiye aliyempa.